Siku Niliyoshuka Mgeta na Gari la Kiitaliano

Vijana, huwa nawapitia pale gereji za Msamvu nikitoka msikitini, na kwa adabu sina ugomvi nanyi. Shikamoo mnatoa kwa wingi. Ugomvi wangu ni mikono. Gari likiingia mnachomeka kompyuta, mnakunja mikono, mnasubiri iwaambie ugonjwa. Isiposema kitu mnabadilisha kifaa. Gari lisipopona mnabadilisha kingine. Kazi hiyo hata muuza spea anaiweza, tena yeye ana nafuu, vifaa viko dukani kwake.

Mmekuwa mkiniuliza habari za lile gari la Kiitaliano. Mmesikia vipande vipande vijiweni, na kila anayesimulia ameongeza chake. Juzi mmoja wenu aliniambia eti liliruka korongo. Halikuruka kitu. Nilikuwa ndani, kiti cha kushoto, mimi Fundi Ramadhani, kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Kwanza halikuwa jekundu. Mtu akisikia gari la mbio la Kiitaliano, moja kwa moja kichwani anapaka rangi nyekundu. Lile lilikuwa la kijivu cha majivu ya jikoni, fupi, la chini, viti viwili, boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu. Lilikuwa la injinia wa shamba la mkonge nilikoanzia kazi. Mimi wakati huo kidevu hakijaota nywele, nimepewa ovaroli ya mtu mnene, niko chini ya Fundi Yahaya, mzee mfupi aliyekuwa na dharau kwa kila kiumbe chenye spana isipokuwa yeye mwenyewe.

Siku moja alisafiri kwenda kuzika, na injinia akaleta gari linatetemeka likiwa limesimama. Nikajitia ujuzi. Gari lile lilikuwa na kabureta mbili, kila moja ina midomo miwili. Nikashika bisibisi, nikazungusha kila skrubu niliyoiona, mpaka gari likawa linapiga chafya na kuzima. Fundi Yahaya aliporudi hakunigombeza. Alikata kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaiweka sikioni kwangu, nyingine akaipeleka kwenye mdomo wa kabureta.

"Unasikia nini?"

"Nasikia upepo, Fundi."

Akahamisha mpira mdomo wa pili, wa tatu, wa nne. "Huyu anavuta. Huyu naye anavuta. Huyu anapiga miayo. Na huyu umemnyonga wewe."

Tulikaa pale mchana mzima, anazungusha skrubu robo mzunguko, ananisikilizisha, mpaka sauti zote nne zikalingana na gari likatulia. Alinifundisha na jambo jingine kuhusu gari lile. Oili ikiwa baridi, gia ya pili haitaki kuingia. Ukiilazimisha unakula ile ringi ya shaba inayolainisha gia, na ikiisha imeisha. "Asubuhi unatoka moja unakwenda tatu," aliniambia. "Pili utaigusa ukishafika Kingolwira." Kingolwira ni mwendo wa kutosha kutoka shambani. Injinia alikuwa anafuata hivyo bila kubisha, na ndiyo maana gari lake lilidumu. Alipoondoka nchini aliliacha stoo, likafunikwa magunia, na shamba lenyewe baadaye likafa.

Sasa ruka miaka mingi. Mimi nina gereji yangu Mji Mpya, mvi zimeshaingia, Fundi Yahaya amelala makaburini Kola. Akaja mtu anaitwa Bwana Sospeter. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao na mabati hapa mjini, mzaliwa wa Nyandira kule juu Mgeta, mtu wa sauti kubwa, anayeingia mahali akiongea na simu ili msimsalimie mpaka amalize. Alikuwa amelinunua lile gari kutoka stoo ya mkonge. Akalileta juu ya lori, panya wamefanya viti shamba lao.

Sikumwambia kwamba nalijua. Nilizunguka gari mara mbili, nikaligusa boneti, nikasema, "Liache."

Lilinichukua mwaka na zaidi. Sitawachosha na yote. Injini haikuwa mbovu, ilikuwa imelala. Nilitoa plagi, nikamimina oili kidogo kila silinda, nikaacha wiki nzima, ndipo nikaizungusha kwa mkono, taratibu, mpaka ikaachia. Msije mkapiga stata injini iliyokaa miaka, mtavunja ringi za pistoni na mtasema gari la Mtaliano ni bovu. Umeme nao watu wanausingizia mno. Niling'arisha vishikizo vya fyuzi kwa msasa laini kimoja kimoja, na taa ambazo mafundi watatu walishasema waya zake zimeungua zikawaka. Mafundi hao wapo hai na wanakula ugali wao kwa amani, siwataji.

Bwana Sospeter alikuwa anakuja kila Ijumaa kulitazama. Alikuwa mwenye gari wa aina ninayoidharau kuliko zote: alijua kila kitu kuhusu gari isipokuwa gari. Alijua mwendo wake wa juu kabisa, alijua liliwahi kushinda mashindano gani Ulaya, alijua yako mangapi duniani. Siku moja nikamwambia apime oili. Akafungua boneti, akatazama pale ndani kama mtu aliyeingia nyumba ya wakwe, kisha akachomoa leso na kufuta kioo cha taa.

Nilipompa aliendeshe mara ya kwanza, pale barabara ya Kihonda, lilikuwa bado halijapata joto. Akatia moja, akakanyaga mafuta, akaivuta pili kwa nguvu. Gia ikalia.

"Bwana Sospeter, pili bado. Nenda tatu."

"Fundi, gari la mbio linaruka gia kama mzee anayeruka dimbwi?"

"Linaruka likiwa baridi."

Akacheka, akaivuta tena. Alifanya hivyo kila alipoliendesha. Baada ya mwezi ile pili haikuwa inaingia hata oili ikiwa moto, mpaka uibembeleze kwa kukanyaga klachi mara mbili na kupandisha mzunguko katikati. Mimi niliweza. Yeye hakutaka kujifunza.

Hapo ndipo tunafika kwenye breki, na hapa naomba mniangalie usoni.

Nilikuwa nimerudi na gari kutoka Mzumbe, kwa mwendo wa kawaida tu. Nikaegesha, nikafanya alivyonifundisha Fundi Yahaya: nikapita gurudumu kwa gurudumu nikiweka kiganja kwenye rimu. Tatu zilikuwa vuguvugu. Ya mbele kulia iliniunguza. Nilijua papo hapo. Ule mpira wa kupitishia mafuta ya breki, wa tangu enzi za injinia, ulikuwa umevimba kwa ndani. Ukikanyaga, mafuta ya breki yanakwenda. Ukiachia, hayarudi. Breki inabaki imeshika kidogo, inachemka, na barabara tambarare huoni tofauti. Ukiteremka mlima, mafuta yanachemka kabisa, pedali inazama mpaka chini, na hapo huna breki tena. Mipira mipya niliagiza Dar. Niliambiwa wiki ijayo.

Jumamosi asubuhi Bwana Sospeter akaja amevaa miwani ya jua na viatu vyeupe. Nyandira kulikuwa na gulio, ndugu zake wote wangekuwepo.

"Leo nalipeleka nyumbani."

"Breki ya mbele haijakaa sawa," nikamwambia. "Nasubiri mipira."

"Inashika haishiki?"

"Inashika."

"Basi twende taratibu. Na wewe utakaa pale mbele na mimi, Fundi. Watu wamwone aliyelifufua."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nimejitetea mwenyewe miaka mingi kwamba alinilazimisha. Hakunilazimisha. Ile kauli yake ya mwisho ilinikolea. Miaka yote nimelala chini ya magari ya watu, uso juu, oili inanidondokea, hakuna aliyewahi kusema nikae mbele nionekane. Nikautoa ufunguo. Nikaenda hata kubadilisha shati.

Kupanda kulikuwa kuzuri, siwafichi. Tuliiacha lami pale Sangasanga, tukapita Mlali, tukaanza mlima. Penye mawe tulikwenda mwendo wa kinyonga, tumbo la gari likikwaruza. Mara moja likazima, petroli imechemka kwenye bomba kwa joto. Nikalowesha kitambaa kwa maji ya mto, nikakifunga kwenye pampu, tukasubiri, likawaka. Bwana Sospeter aliogopa kweli aliponiona namwaga maji karibu na injini yake. Nyandira watu wakatuzunguka. Alipigwa picha ameegemea mlango, mguu mmoja mbele. Mimi nilipigwa mbili. Katika mojawapo nimeshika boneti kama nimeizaa.

Mchana tukageuza. Nilimwambia ashuke kwa gia, asitegemee breki. Akasema sawa. Kona ya tatu tu alikuwa ameshasahau, anaachia gari liende, anakanyaga, anaachia, anakanyaga. Nikaanza kusikia harufu. Mnaijua harufu ya breki iliyoungua, kama pembe ya ng'ombe iliyotupwa motoni.

"Simama pembeni, zipoe."

"Tukifika pale chini."

Pale chini hatukufika. Akakanyaga, na nikaona goti lake linakwenda mbele kuliko kawaida. Akakanyaga tena. Akanigeukia, mikono bado kwenye usukani.

Nikavuta handibreki. Gari likapunguza kidogo, likaanza kuyumba mkia. Tulikuwa gia ya tatu, mlima unatusukuma. Iliyotakiwa ni pili, na pili ndiyo hiyo aliyoila. Nikamwambia, "Kanyaga klachi. Achia. Kanyaga mafuta. Klachi tena." Mimi nikashika kijiti cha gia kutoka upande wangu. Yeye akakanyaga vyote kwa pamoja. Gia ililia kama kinu cha mawe na ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa.

Mbele yetu watu walikuwa wanarudi kutoka gulioni. Honi ililia, angalau hiyo. Wenye mikono mitupu wakaruka mtaroni. Alikuwepo mama mmoja ana tenga la karoti kichwani, na mtu mwenye tenga kichwani haruki. Alisogea ukingoni kabisa, upande wa ngema, ule ukuta wa mlima, akasimama wima akitutazama. Alifanya sawasawa na anavyotakiwa mtu kufanya.

Nikaugeukia usukani nikauvuta kwangu. Tukaigonga ngema kabla ya kumfikia, kwa ubavu wa kushoto, jiwe na chuma vinasuguana, mpaka gari likasimama. Lakini mkia ulizunguka, ukampiga mguuni. Nilisikia. Karoti zilikuwa zinateremka barabara peke yake, nyingi, safi, zimeoshwa.

Mguu ulivunjika chini ya goti. Mimi mbavu mbili. Bwana Sospeter alipasuka mdomo. Lori la kabichi likatushusha wote mpaka hospitali mjini, yule mama amelazwa juu ya viroba, nimemshikilia mguu usicheze. Hakulia. Aliniuliza jina langu, nikamwambia. Yeye alikuwa anaitwa Mama Kandida, mkulima, ana shamba la karoti na njegere juu ya Langali. Bwana Sospeter alikaa mbele na dereva. Tulipofika, wakati Mama Kandida anateremshwa, akanivuta kando akaniambia kwa sauti ndogo:

"Yule mama alikuwa katikati ya barabara. Umeona, eeh?"

Wiki mbili baadaye tukaitwa ofisi ya kijiji, kabla jambo halijapelekwa mbele zaidi. Mtendaji amekaa na daftari, Mama Kandida kaletwa kwenye kiti, mguu una plasta, kaka zake wamesimama ukutani. Bwana Sospeter akasema gari lilikuwa zima, ametoka nalo gereji kwa fundi anayeaminika mkoa mzima, na mama alikatisha ghafla. Alisema vizuri. Hata mimi kidogo nimwamini.

Angalieni ujanja wake. Nikisema breki zilikuwa mbovu, nimeiua gereji yangu kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, yeye kapona na mimi nimepona, na wa kubeba ni mwanamke wa karoti. Hakuna aliyenitisha. Aliniachia tu nafasi nzuri ya kuwa mwoga.

Mtendaji akaniuliza, "Fundi, gari lilikuwa zima?"

Nikasema, "Halikuwa zima. Mpira wa breki ya mbele kulia ulikuwa umeziba. Huyu mama alikuwa pembeni kabisa, hakukatisha."

"Ulijuaje kuhusu mpira?"

"Niliugundua siku tatu kabla. Nikamwambia mwenye gari, halafu nikampa ufunguo."

Bwana Sospeter akasema mimi ni mzee, nimechanganyikiwa na zile mbavu. Mtendaji akaendelea kuandika. Mama Kandida alikuwa ananitazama, na nilidhani nimemfurahisha. Nilikuja pale nikijiona mtu wa haki, nategemea kushukuriwa.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema.

"Nilijua, mama."

"Fundi asiyejua ningemsamehe leo hii hapa. Wewe itabidi usubiri."

Bwana Sospeter alibebeshwa matibabu na mavuno yaliyopotea, na akayatoa, kwa kunung'unika. Gari akalihamisha kutoka gereji kwangu kwa mbwembwe, akitangaza mji mzima kwamba kidogo nimuue. Akapata mafundi wengine wakanyoosha ubavu na kulipaka rangi. Nyekundu, naam. Injini hawakuiweza, kila mmoja alizungusha skrubu za kabureta kwa zamu yake. Leo liko mbele ya nyumba yake ya wageni kule Forest, juu ya mawe manne, na watu wanapiga nalo picha. Mmoja wenu ana picha hiyo kwenye simu yake, nimeiona. Futa.

Wateja wangu wengi walikimbia. Wachache waliobaki walisema afadhali fundi anayekiri. Baada ya mwaka mmoja na nusu nilifunga, na mkisikia nimestaafu kwa sababu ya mgongo, mgongo nao ulichangia.

Nikawa napanda Langali. Mara ya kwanza Mama Kandida alinisalimia amesimama mlangoni, fimbo mkononi, hakunikaribisha. Nikaacha sukari niliyobeba, nikarudi. Mara ya pili alinipa maji ya kunywa. Mara ya tatu alinipa kigoda, nikakaa, tukaongea habari za mvua.

Mara ya nne nilikuta mdogo wake, Deogratias, amepata pikapu kuukuu ya kushushia mboga mjini. Ilikuwa imepakiwa tayari, karoti mpaka juu, kamba zimekazwa, na Deogratias ameshakaa kwenye usukani. Mama Kandida akamwambia ateremke. Kisha akanigeukia mimi.

"Itazame."

Nilivua kofia, nikalala chini. Nilikaa huko muda mrefu. Silinda ya breki ya nyuma ilikuwa inavuja, ukuta wa ndani wa tairi umelowa. Nilipotoka, Deogratias alikuwa anatazama saa. Karoti zilizong'olewa alfajiri hazisubiri, na gari jingine siku hiyo halikuwepo.

"Haiendi," nikasema.

"Mzee, inashika. Nimekuja nayo kutoka Mlali jana."

"Haiendi."

Akamgeukia dada yake. Aliongea naye kwa Kiluguru, haraka haraka, anaonyesha mzigo, anaonyesha jua. Mama Kandida alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akaenda mpaka kwenye usukani, taratibu kwa ule mguu, akachomoa ufunguo, akanikabidhi mimi.

"Karoti zikioza," akamwambia, "nitapanda nyingine."